Mita moja na ushee

Jumamosi moja asubuhi niko nje napiga mswaki, nikamwona mjukuu wa jirani yetu amesimama kwenye geti letu la juu kule barabarani ameshika ncha ya futi kamba, kamba yenyewe imepita pembeni ya nyumba inashuka nayo bondeni, na kule chini kwenye fensi naona kofia ya babu yake inainuka na kuinama. Sikuuliza kitu. Nilijua tu siku yangu imeisha, manake mtu hapimi kiwanja cha mwenzie Jumamosi asubuhi kwa heri.

Jina lake siandiki hapa, nitamwita Baba Pacha kama watu wengi wanavyomwita. Akapanda taratibu huku anakunja ile kamba, nikamwamkia, akaitika, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, hati yenu inasema urefu ni mita 60. Mimi nimepata 61 na sentimita 20. Hiyo moja na ushee ni yangu."

Sasa kiwanja chetu kina upana wa mita 30, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, moja na ushee mara 30 ni mita za mraba 36, hicho ni chumba na sebule na korido inabaki. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, mzee mbona marehemu baba alipokuwa hai hukuyasema haya, umesubiri amelala ndo unakuja na futi? Nilisema nikiwa na povu la dawa mdomoni. Akaniangalia, akakunja kamba yake mpaka mwisho, akaondoka bila kunijibu, na hilo swali langu nitalirudia baadaye kwa sababu lilikuja kunigeuka vibaya sana.

Basi tukaingia kwenye ile hali ambayo yeyote aliyewahi kugombana na jirani anaijua. Salamu zinakuwa fupi, taa ya nje inazimwa mapema, watoto wanaambiwa wasivuke. Mama yangu na Mama Pacha walikuwa wanaazimana vitu kila siku, wakaacha, hakuna aliyewakataza ila waliacha. Na kila mtu ana dini ya kumpiga nayo mwenzie. Siku moja Baba Pacha akanikumbusha getini kwamba kwenye hadithi za Mtume kuna onyo, anayedhulumu ardhi hata shubiri moja atavishwa shingoni ardhi saba, mi nikamjibu kwamba kwenye Torati nako kuna laana kwa anayesogeza alama ya mpaka ya jirani yake. Tukaachana pale kila mtu anaamini maneno yale yameandikwa kwa ajili ya mwenzie. Ila ukifikiri vizuri utaona hilo tatizo ni la zamani mno, watu walikuwa wanasogezeana mawe kabla hata hakuna karatasi. Warumi walikuwa hadi na mungu wa mpaka, Terminus, na sikukuu yake kila tarehe 23 Februari, majirani wanakutana kwenye jiwe la mpaka kila mmoja upande wake wanalipamba maua. Sisi hata kusalimiana imeshindikana.

Nikaanza uchunguzi wangu. Nilianza kama anavyoanza kila mtu siku hizi, nikachukua simu. Nikafungua ramani ya setilaiti, nikatembea kwenye fensi na kile kidoti cha bluu kinanifuata. Aisee. Dakika hii niko kwenye mpaka, dakika inayofuata kidoti kimeruka kimekaa juu ya paa la Mama Pacha, nikirudi nyuma hatua tatu kinaniambia niko barabarani. Kuna wakati kwa mujibu wa simu yangu mpaka ulikuwa unapita katikati ya choo chao. Baadaye ndo nikaelewa kwamba GPS ya simu hata ukiwa uwanjani hakuna mti wala ukuta inakosea mpaka kama mita 5, chini ya miti ndo kabisa, na hiyo picha ya setilaiti yenyewe nayo inaweza kuwa imehama mita kadhaa kutoka pale ilipotakiwa kukaa. Yaani unatafuta mita moja na ushee kwa kifaa kinachokosea mita tano. Ni kama kupima chumvi kwa mzani wa magunia. Nakuomba ukiona mtu anakuja na skrinshoti kwenye kikao cha mpaka mwambie arudishe simu mfukoni, kwa upole tu.

Nikahamia kwenye makaratasi. Faili la mzee wangu lilikuwa na hati, mkataba wa mauziano wa zamani ulioandikwa kwa mkono, na kipande cha ramani ya eneo letu, fotokopi ya fotokopi. Nikachukua rula nikapima kwenye ile ramani. Skeli ni 1 kwa 2,500, maana yake milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu ardhini. Nikaangalia ule mstari mweusi unaotutenganisha sisi na Baba Pacha, una unene wa kama nusu milimita. Nusu milimita! Hiyo ni mita 1 na sentimita 25. Nilikaa pale mezani nacheka peke yangu kama chizi, kwa sababu ugomvi wetu wote, vile visirani na zile salamu za kubana meno, ulikuwa unaenea ndani ya wino. Ukiweka rula upande wa juu wa mstari Baba Pacha ana haki, ukiiweka upande wa chini mi nina haki.

Na hapa watu wengi hawajui kitu, hata mimi sikujua, kwamba kuna sehemu nyingi hati yenyewe haikuahidi mstari kamili. Uingereza kwa mfano, ramani ya hati kwa kawaida inaonyesha mpaka wa jumla tu, yaani kiwanja chako kiko hapa na cha jirani kiko pale, mstari halisi unapita wapi haisemi. Kenya nako viwanja vingi viko kwenye mfumo huohuo wa mpaka wa jumla, na kesi ya mpaka wa namna hiyo haipokelewi mahakamani mpaka msajili wa ardhi awe ameshaamua kwanza. Sehemu nyingine ndo kuna bikoni, kila kona ina alama yake na namba yake na vipimo vyake vimehifadhiwa. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu mwizi ujue kwanza wewe uko kwenye mfumo upi. Sisi bahati nzuri kiwanja kilipimwa kona kwa kona, ila bikoni zenyewe hatujawahi kuziona tangu niko mdogo.

Baba Pacha hakukaa kusubiri. Akamleta kijana mmoja anayejiita sevea, kumbe ni fundi tu ana mashine ya kuazima, akashinda pale siku nzima, jioni akachomeka vigingi sita vyenye rangi nyekundu ndani ya upande wetu. Nilivimba. Kesho yake asubuhi vigingi vinne havipo. Baba Pacha akaja juu, eti nimeng'oa alama za mpaka na hilo ni kosa la jinai, na kwa kweli kung'oa bikoni halali karibu kila nchi ni kosa, ila mi sikugusa kitu na nikaanza kuamini ni yeye mwenyewe kavitoa ili anisingizie. Tukabishana pale mpaka wazee wa mtaa wakaitwa. Wakati wazee wanakaa vizuri kusikiliza, mmoja wao akauliza, "Na vile kule ni nini?" Tukageuka. Kule chini kwenye kiwanja wanachochezea watoto kulikuwa na magoli mawili safi kabisa, milingoti minne, ncha nyekundu, na wajukuu wa Baba Pacha wanapiga penalti.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Ila nahisi ndo siku hasira zilipoanza kupungua, manake wazee walituambia neno moja tu, tafuteni mpima mmoja mwenye leseni, mumlipe nusu kwa nusu, na mkubali kabla hajaja kwamba atakachosema ndo hicho. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Ufaransa kitu hicho kimo kwenye sheria yao ya kiraia, kifungu cha 646, kwamba mwenye ardhi yoyote anaweza kumlazimisha jirani yake waweke alama za mpaka, na gharama ni ya wote wawili. Hilo la gharama ya wote wawili wenye akili walioliweka walijua binadamu. Mpima akilipwa na mmoja tu, yule mwingine atamkataa hata kabla hajashusha mashine.

Mpima akaja, mama mmoja hivi mwenye buti na maneno machache. Hakuanza na kiwanja chetu. Alianzia mbali, nyumba kama ya nne kutoka kwetu, anatafuta bikoni za zamani ambazo bado zipo na zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, manake alisema ukianza na bikoni iliyohamishwa utaubeba uongo wake mpaka mwisho. Baba Pacha akamfuata nyumanyuma na futi kamba yake mkononi, anamwonyesha, "Mama, mi nimepima, ni 61 na ishirini, hata mtoto shahidi."

Yule mama akasimama akamuuliza, "Ulipimaje mzee? Kamba uliilaza chini?"

"Ndiyo, nimeilaza, nimeivuta vizuri haikulegea."

Akamwambia ndo hapo. Kiwanja chenu kinateremka kama mita 2 kwa kila mita 10, kwa hiyo toka barabarani mpaka kwenye fensi mmeshuka kama mita 12. Urefu ulioandikwa kwenye ramani haufuati mteremko, ni urefu wa bapa, kama vile ungeangalia kutoka juu angani. Ukiilaza kamba kwenye mteremko lazima isome zaidi. Akachukua kijiti akachora chini pembetatu, 60 chini, 12 pembeni, ule upande mrefu ukikokotoa unapata 61.19. Baba Pacha akainama akauangalia ule mchoro muda mrefu. Mi nilikuwa nimesimama nyuma yake najitahidi nisitabasamu, na nadhani sikufanikiwa.

Halafu yule mama akasema, "Sasa twende kona ya pili."

Hapa lazima nieleze, Baba Pacha alipima upande wa magharibi tu ambako kuna njia. Upande wa mashariki kuna kichaka na miiba, hakuna aliyejisumbua. Fensi yetu ya seng'enge inatoka kona ya magharibi inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkaratusi mkubwa upande wa mashariki, imefungwa kwenye mti wenyewe, na ile waya imeshamezwa na gome kiasi kwamba inatokea ndani ya mti kama mfupa. Kila mtu alijua mpaka ni mkaratusi. Mkataba wa mauziano wenyewe umeandika hivyo, kwa mwandiko mzuri kabisa, "hadi kwenye mkaratusi".

Mpima akasimamisha mashine yake, akatembeza ile fimbo, sogea, sogea, rudi, hapo. Hapo ilikuwa ndani ya upande wetu, hatua mbili hivi kabla ya kufika kwenye mkaratusi. Akasema chimbeni. Nikachimba mimi mwenyewe kwa sababu nilitaka nione hakuna kitu. Udongo ule ni laini, ni wa kushuka na mvua, umekuwa unakusanyika nyuma ya fensi miaka na miaka. Sululu ya kwanza hamna, ya tano hamna, nikafika kama futi moja, nikaanza kumwangalia yule mama kwa ile jeuri ya unaona sasa. Kwenye sentimita 40 hivi jembe likalia. Ngaa. Nikapiga magoti nikafukua kwa mikono, kwanza ikaja pande la zege limevunjika kona moja, katikati yake nondo imeota kutu mpaka imevimba, na pembeni kabisa, karibu sana kiasi kwamba mkono wangu ulikuwa unaigusa, mizizi ya kisiki cha zamani kilichooza. Kisiki cha mti mkubwa.

Mama yangu alikuwa ameshuka na fimbo yake kuangalia. Akasema taratibu kabisa kama mtu anayeongelea hali ya hewa, "Ee, ilikuwa miwili. Huo ulikatwa."

Miwili! Mikaratusi ilikuwa miwili, mama anajua siku zote, ila hakuna aliyemuuliza. Mkataba unasema mkaratusi, hausemi upi. Nikamuuliza sasa kwa nini fensi ilifungwa kwenye huu wa chini? Akasema mwaka 2004 fundi alipokuwa anajenga fensi alifika mwisho nguzo zikamwishia. Moja tu ilipungua. Jioni imeingia, akaona mti uko hatua mbili mbele, akafungia waya kwenye mti akasema kesho nitakuja kuweka nguzo. Hakuja.

Kwa hiyo hali ikawa hivi. Upande wa magharibi, ule aliolalamikia Baba Pacha, tulikuwa sawa hadi sentimita. Upande wa mashariki ambao hakuna aliyeupima tulikuwa tumevuka mita 1 na sentimita 60. Pembetatu ndefu, inaanzia sifuri inaishia 1.6, mita za mraba 24. Alidai 36 mahali ambapo hana, kumbe ana 24 mahali ambapo hakudai. Mpima akanieleza pale kitu ambacho nakikumbuka kila nikiona watu wanapeperusha hati, kwamba kwenye sheria nyingi zilizotokana na Uingereza ushahidi wa mpaka una vyeo. Cha juu ni alama za asili, mto, mwamba, mti uliotajwa, kama bado unajulikana ni upi. Zinafuata alama za kuwekwa na watu, bikoni na nondo ambazo hazijahamishwa. Halafu ndo namba, pembe na urefu. Ukubwa wa eneo ni wa mwisho kabisa. Yaani yule anayepiga kelele kwamba hati inasema mita za mraba 1,800 na hapa sioni 1,800 ameanza na shahidi dhaifu kuliko wote.

Nikadhani yameisha. Nikamtumia dada yangu picha ya nondo, yeye anaishi mbali na mambo ya sheria anayafuatilia kwa kupenda tu, akanipigia saa hiyohiyo. "Usiguse fensi," akasema. "Fensi iko hapo tangu 2004, hiyo sasa ni yetu."

Na hapa ndo nikajifunza kwamba nilikuwa nachanganya vitu viwili siku zote. Mstari uko wapi, hilo ni swali la mpaka, anajibu mpima. Ardhi ni ya nani, hilo ni swali la umiliki, na mpima hana jibu lake. Unaweza ukashindwa mpaka ukashinda umiliki. Sheria za nchi nyingi zinasema mwenye ardhi akinyamaza muda mrefu huku mtu mwingine anaitumia waziwazi kama yake, haki ya kuidai inakufa. Tanzania, Kenya na Uganda muda huo ni miaka 12. Ufaransa ni 30, inashuka mpaka 10 kama ulinunua kwa nia njema na una hati ya halali. Uingereza walibadilisha sheria yao mwaka 2002, kwa ardhi iliyosajiliwa sasa unaomba baada ya miaka 10 na msajili anamwandikia kwanza mwenye ardhi kumstua, ndo maana siku hizi ni ngumu zaidi kuipata kimyakimya.

Nikaenda kwa wakili. Akanisikiliza akasema dada yako hajakosea, ila si rahisi kama anavyodhani. Lazima uonyeshe ulikaa mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, na ukikaa kama mwenye mali, halafu bado uende ukaombe itamkwe kuwa yako, haiji yenyewe mlangoni. Halafu akaniuliza swali, amekaa tu kawaida anazungusha kalamu: kuna mahali popote ambapo baba yako aliwahi kukiri kwa maandishi kwamba kipande hicho si chake? Manake akikiri kwa maandishi na kusaini kabla miaka 12 haijatimia, saa inaanza kuhesabu upya kuanzia siku hiyo.

Nikasema hapana. Nilisema hapana nikiwa najua kabisa sijamaliza kusoma faili la mzee.

Usiku ule nikalimaliza. Mzee alikuwa na daftari la karboni, zile za kuandika juu nakala inabaki chini, kila barua aliyoandika maishani iko mle. Ukurasa wa katikati, mwaka 2015, mistari saba. Anamwandikia Baba Pacha. Anasema jirani, kona yetu ya chini mashariki haiko sawa, fundi alipitiliza hadi kwenye mti wako, nataka kuirudisha mahali pake, naomba tuchangie nguzo moja na waya. Sahihi yake ile ya kukunja mkia.

Mti wako. Aliandika mti wako.

Hesabu ni rahisi, 2004 mpaka 2015 ni miaka 11, na tangu 2015 miaka 12 ilikuwa haijafika. Nikalifunga daftari nikalirudisha kwenye sanduku, nikaweka na blanketi juu yake, na sitadanganya hapa, lilikaa chini ya lile blanketi siku tisa. Dada anapiga kila siku anauliza wakili amesemaje, namwambia bado. Nilikuwa najiambia huenda ile barua haikuwahi kumfikia, na kama haikumfikia basi ni karatasi tu. Nilikuwa najiambia pia mita 24 kwangu ni nini, na wakati huohuo nikipita pale kwenye pembetatu najikuta nimesimama naiangalia kama vile inatoa mafuta. Ardhi ina ushetani wake. Kitu ambacho hukuwahi hata kukifagia, mtu akikitaka tu kinakuwa roho yako.

Siku ya kumi nikavuka nikaenda kwake na daftari. Akavaa miwani. Akasoma, akarudia, midomo inacheza. Halafu akavua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Huyu alinidai nguzo," akasema.

"Nani, mzee?"

"Baba yako. Alikuja na barua hii. Nikamwambia umekosea mwenyewe, rekebisha mwenyewe, mi nguzo sichangii." Akanyamaza. "Naye akasema basi kama ni hivyo itakaa hivyohivyo."

Na ikakaa hivyohivyo. Kwa hiyo lile swali langu la getini, mbona marehemu alipokuwa hai hukusema, jibu lake lilikuwa hili, walishasema, tena marehemu ndo alianza. Baba Pacha miaka ile yote alikumbuka kwamba kuna mahali tumemzidi, alichosahau ni kona gani. Mama Pacha alikuwa mlangoni anasikiliza, akasema kwa sauti ya chini ila ya kusikika vizuri, "Nguzo moja." Akarudi ndani.

Mengine yalikwenda haraka. Dada aliniita mjinga, alinuna wiki mbili, akasaini. Tukaandika makubaliano, mpima akaweka bikoni mpya juu ya ile ya zamani, safari hii imetokeza juu ya udongo na ina rangi nyeupe, makaratasi yakapelekwa kusajiliwa ili mwingine asije akaanza na futi kamba mwaka 2050. Nguzo tulinunua nusu kwa nusu. Ilibidi waya ukatwe kwa msumeno kwenye mkaratusi, kipande kimebaki ndani ya gome hakitoki.

Sasa kwenye ile pembetatu kuna mti mwingine mdogo, wa maua, aliupanda mama yangu mwaka aliostaafu, na baada ya fensi kurudi uko kwa Baba Pacha. Nilimuuliza kama tuuhamishe. Akasema uacheni hapohapo, tena mama anaweza kuja kuumwagilia akitaka, fensi ina kigeti. Halafu akaangalia matawi yalivyoning'inia juu ya waya kuja upande wetu, akanionyesha kidole.

"Ila majani yakidondoka kwako, mwanangu, fagia. Usije ukanipigia simu."

Nimeshafagia mara mbili wiki hii.